Maji Yaendayo Baharini Hayapotei: Milango ya Mito na Jamii Zinazoitegemea

Utangulizi

Mwishoni mwa msimu mmoja wa mvua tuliketi na wazee wa usharika mmoja hapa Chamwino, kando ya korongo lililokuwa limejaa maji tangu usiku. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo, nayo yalipita kwa kasi kubwa. Mzee mmoja aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Baba Mchungaji, tazama baraka inavyotupita. Miezi michache ijayo wake zetu na binti zetu watachimba mchanga wa korongo hilihili wapate ndoo moja, na maji haya yote yatakuwa yamekwisha kupotelea baharini." Wenzake wakaitikia. Sisi hatukuwa na neno la kumjibu.

Usemi huo si wa mzee yule peke yake. Husikika vijijini, husikika katika mikutano ya maendeleo, na mara nyingine husikika hata mimbarani: kwamba maji yanayofika baharini ni maji yaliyopotea. Makala haya yanakusudia kuuchunguza usemi huo. Kwanza tutaeleza mlango wa mto ni mahali pa namna gani. Pili tutafuata maji ya Chamwino tuone yanaishia wapi. Tatu tutatazama viumbe na watu wanaoishi pale mto unapokutana na bahari, na mambo yanayowapata maji yanapopungua au udongo unapozidi. Mwisho tutarudi kwa mzee wetu, kwa maana jibu lisilomjali mtu mwenye kiu haliwezi kuwa jibu la haki.

1. Mlango wa mto ni nini?

Mlango wa mto ni sehemu ya mwisho ya mto, ambapo maji baridi kutoka bara hukutana na maji ya chumvi kutoka baharini. Mtu wa bara huweza kudhani kwamba hapo pana mpaka ulio wazi, huku mto na huku bahari. Sivyo ilivyo. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja ya maji, na kwa sababu hiyo ni mazito kuliko maji ya mto. Yakutanapo, maji ya mto huelea juu yakielekea baharini, ilhali maji ya chumvi hupenya chini yake yakielekea bara. Kati ya hayo mawili yapo maji yaliyochanganyika, ambayo si ya kunywa wala si ya bahari kamili.

Tena mpaka huo hautulii. Katika pwani yetu bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kina kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi meta tatu. Bahari inapojaa, chumvi hupanda mtoni; inapokupwa, mto hupata nafasi ya kushuka. Mvua ikinyesha bara, mto hupata nguvu na kuisukuma chumvi mbali. Kiangazi kikishika, chumvi hupanda tena. Hivyo mlango wa mto ni mahali pa mashindano yasiyokwisha, na viumbe wake wote wamezoea kuishi kwa kufuata kalenda mbili, ya mwezi na ya mvua.

Jambo jingine ni udongo. Mto hubeba chembe ndogo sana za udongo ambazo katika maji baridi huelea bila kuzama. Zikifika penye chumvi hugandana, huwa nzito, kisha hutua chini. Ndivyo tope la milango ya mito linavyoumbwa. Mahali ambapo mto huleta udongo mwingi kuliko bahari iwezavyo kuuchukua, tope hilo huinuka likawa visiwa, na mto hugawanyika katika mikondo mingi. Hiyo ndiyo huitwa delta, na delta ya Rufiji ni mfano mkubwa katika nchi yetu. Mahali ambapo udongo ni kidogo au bahari ina nguvu, mto hubaki na mlango mmoja, kama ulivyo Pangani.

2. Maji ya Chamwino huenda wapi?

Wilaya ya Chamwino, iliyoundwa mwaka 2007 kwa kuigawa iliyokuwa Wilaya ya Dodoma Vijijini, ipo katikati ya uwanda mkavu. Kwa kawaida mvua yetu kwa mwaka haizidi sana milimita 600, nayo hunyesha katika msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili. Hatuna mto mkubwa utiririkao mwaka mzima. Nani basi angedhani kwamba sisi tuna sehemu katika mambo ya bahari? Lakini maji hufuata mkondo, na mkondo wa uwanda huu umegawanyika katika njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya jirani zetu wa magharibi. Mto Bubu hushuka kutoka upande wa Kondoa na kuishia katika bwawa la asili la Bahi. Maji yake hayaioni bahari kamwe. Hukauka juani na kuacha magadi na chumvi. Kwa hiyo, tukitaka kuona mto usiofika baharini, hatuna haja ya kwenda mbali.

Njia ya pili hupita kwetu. Makorongo ya kaskazini na mashariki mwa Chamwino huingia katika mto Kinyasungwe, ambao mkono wake mmoja ndio uliozibwa mwaka 1957 kufanya bwawa la Hombolo. Kinyasungwe huteremka kupita Gulwe na Ziwa Gombo. Kuelekea Kilosa huitwa Mkondoa. Kisha huungana na Wami. Wami nao humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi huko Saadani, kati ya Bagamoyo na Pangani.

Njia ya tatu ni ya kusini. Maji ya upande wa Mvumi na vijiji vilivyo kando ya barabara ya Iringa huteremka kwenye bwawa la Mtera, ambako Ruaha Mkuu hukutana na mto Kizigo. Kutoka Mtera, Ruaha hupita Kidatu, huungana na Rufiji, na kuishia katika delta mkabala wa kisiwa cha Mafia. Ruaha Mkuu huchangia takriban asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji, kwa kuwa sehemu kubwa hutoka Kilombero. Hata hivyo bonde lote la Rufiji ni kiasi cha sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara.

Basi korongo lile tulilokaa kando yake lina mwisho wake, na mwisho huo una majina.

3. Viumbe wa mlangoni

Ajuaye shamba jema la mbuga anajua kwamba rutuba hukaa pale maji yanapotua. Mlango wa mto ni shamba la namna hiyo. Mto huleta udongo, majani yaliyooza na madini kutoka maelfu ya kilometa za mraba. Bahari huleta maji mapya mara mbili kwa siku. Chakula huwa kingi, ijapokuwa maisha ni magumu, kwa maana ni viumbe wachache wawezao kuvumilia chumvi inayobadilika kila saa. Waliojaliwa uvumilivu huo hukuta meza iliyoandaliwa.

Mbele ya wote tutaje mikoko. Miti hii huota penye tope ambalo mti wa bara ungekufa kwa kukosa hewa. Mlilana husimama mbele kabisa, ukiyapokea mawimbi. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, na mbegu yake huchipua ingali juu ya mti, kisha hudondoka kama mkuki na kujichoma topeni. Mchu hutoa chumvi kwa njia ya majani yake, na mizizi yake huchomoza topeni kama penseli ili kuvuta hewa. Nyuma yake hufuata msinzi na mkandaa, ambao magome yake yametumika kwa rangi. Kisha mkomafi, na mwisho msikundazi, ambao hupenda mahali ambapo maji baridi yana nguvu. Hivyo mtu ajuaye miti hii aweza kusoma kiasi cha chumvi kwa kutazama tu ni mti gani umesimama wapi. Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wowote wa namna hiyo ulio mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki.

Chini ya mikoko kuna kaa, ambao hula majani yaliyoanguka na kuchimba mashimo yanayoingiza hewa topeni. Kuna kombe na chaza walioshika mizizi. Kuna mkizi wanaoruka na samaki wadogo wa aina nyingi waliojificha katika mizizi wasiliwe na wakubwa. Ndege wa kwetu na wageni kutoka nchi za baridi hutembea kwenye tope maji yanapokupwa. Huko Saadani, ambako hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 2005, viboko na mamba huishi katika mlango wa Wami, na heroe hushuka penye mashamba ya chumvi.

Tuchukue kiumbe mmoja, kamba, ili tueleze jinsi mambo haya yanavyofungamana. Kamba wakubwa hutaga mayai baharini. Watoto wao, wadogo kama vumbi, huchukuliwa na mikondo na maji kujaa hadi ndani ya milango ya mito. Humo, kati ya mikoko, hukua kwa miezi kadhaa wakila vilivyooza. Wakikomaa hurudi baharini, na huko ndiko wavuvi huwangoja. Mafuriko ya mto huwasukuma watoke na huwapelekea chakula. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za dunia imeonekana kwamba mwaka wa mvua njema bara hufuatwa na mavuno mema ya kamba baharini. Mvuvi wa Bagamoyo au wa Mafia, kwa hiyo, hula mvua iliyonyesha mahali asipopajua. Na mbele zaidi, katika maji ya Kilindoni huko Mafia, papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huja kila mwaka kula viumbe wadogo wa maji hayo, ambayo Rufiji huyarutubisha.

4. Watu wa mlangoni

Itakuwa kosa kumfikiria mtu wa delta kuwa mvuvi tu. Katika Rufiji, wakazi kwa vizazi vingi wameunganisha kilimo, uvuvi na msitu. Mafuriko yalipokuja, yalileta udongo mpya mashambani bila gharama ya mbolea; yalipopungua, watu walipanda mazao katika unyevu uliobaki, kilimo ambacho wao hukiita mlau. Mpunga ulipandwa mahali ambapo mto ulikuwa na nguvu ya kuizuia chumvi. Mkulima alijenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, akakaa humo kulinda mazao dhidi ya ndege na wanyama, maji yakipita chini yake. Msituni alikata boriti, na boriti hizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Zanzibar, Uarabuni na Uajemi, ambako ziliezeka nyumba za miji mingi.

Maisha haya yote yalitegemea kipimo cha chumvi. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mkondo mkubwa wa Rufiji ulihamia upande wa kaskazini wa delta. Kusini chumvi ilipanda, na mashamba ya mpunga yakaachwa. Kaskazini maji baridi yaliongezeka, na watu wakaanza kufyeka mikoko ili wapande mpunga. Hakuna mtu aliyepiga kura wala kutoa amri. Mto ulihama, na riziki ya vijiji ikahama nao.

Mabadiliko mengine huletwa na amri. Katika miaka ya 1990 ulitolewa mpango wa kuanzisha katika delta shamba kubwa la kufuga kamba, la maelfu ya hekta, kwa ajili ya kuuza nje. Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira lilishauri mpango huo usikubaliwe. Hata hivyo mwaka 1997 serikali iliukubali kwa masharti. Wakazi wengi waliukataa, wakaenda hata mahakamani, wakisema kwamba mahali palipoitwa patupu palikuwa shamba lao, bahari yao na makaburi ya wazee wao. Shamba lile halikujengwa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linafundisha: mlango wa mto huonekana mtupu kwa mtu anayeutazama kutoka mbali, kama vile maji yanavyoonekana kupotea kwa mtu anayeyatazama kutoka Chamwino. Kosa ni lilelile.

5. Maji yanapopungua na udongo unapozidi

Nini hutokea mto unapofika baharini ukiwa dhaifu? Pangani hutupa jibu. Mto huo hutoka Kilimanjaro na Meru, na njiani hunywesha mashamba, miji na mitambo ya umeme. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa katika miaka ya 1960. Maji yanayobaki kufika mlangoni yamepungua, na kwa miaka mingi wakazi wa huko wameeleza jinsi chumvi inavyopanda mtoni mbali kuliko zamani, ikiharibu minazi na mashamba ya kandokando, na jinsi bahari inavyokula kingo.

Ruaha Mkuu nao ulitupa onyo. Kuanzia mwaka 1993 mto huo, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, hasa kwa sababu ya maji kutumika katika mashamba ya mpunga ya Usangu. Sisi wa Dodoma tuliyaona matokeo yake kwa macho: bwawa la Mtera lilishuka, na taifa likaingia katika mgawo wa umeme.

Sasa limekuja jambo kubwa zaidi. Bwawa la Julius Nyerere, katika Rufiji chini ya makutano ya mto huo na Ruaha, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Uwezo wake wote ni megawati 2,115. Hatusemi kwamba nchi haikuhitaji umeme. Tunaandika makala haya chini ya taa. Lakini kila bwawa hufanya mambo mawili: hubadili majira ya mafuriko, na hushika udongo ambao ungefika chini. Delta iliyozoea kulishwa udongo kila mwaka, ikinyimwa, huanza kuliwa na bahari, na usawa wa bahari nao unapanda duniani kote. Wala bwawa haliondoi mafuriko yote, kama walivyoona watu wa Rufiji na Kibiti mwezi Aprili 2024, mashamba na nyumba zao zilipofunikwa na maji.

Katika njia ya Wami taabu ni kinyume chake, yaani udongo kuzidi. Hapa hatuwezi kumnyooshea mtu mwingine kidole, maana udongo huo ni wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu, miongoni mwao Anders Rapp wa Sweden, walipima mmomonyoko katika mabonde manne karibu na Dodoma, likiwamo la Ikowa, ambalo leo limo wilayani Chamwino. Waliona jinsi mabwawa yalivyokuwa yakijaa mchanga na tope kwa kasi. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO. Hata hivyo makorongo yetu yameendelea kupanuka. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyoitesa Kilosa na kukata Reli ya Kati, yalipita katika bonde hilihili la Kinyasungwe na Mkondoa. Maji yasipopata majani wala mizizi ya kuyazuia, hushuka yote kwa siku moja, yakibeba shamba. Kisha kwa miezi minane mto huwa mchanga mtupu. Huko chini, tope likizidi, hufunika mizizi ya mikoko na viumbe wa mlangoni kama mtu afunikwaye pua.

6. Jirani wa chini ya mto

Msomaji huenda anajiuliza mambo haya yana nafasi gani katika jarida la chuo cha theolojia. Jibu letu la kwanza ni kwamba Biblia yenyewe inayo maono ya mlango wa mto, katika Ezekieli 47:1-12. Nabii, akiwa uhamishoni, anaona maji yakitoka chini ya hekalu, yakiongezeka hadi kuwa mto usiovukika, yakishuka katika nchi kame na kuingia katika bahari ambayo kwa kawaida haina samaki. Yanapoingia, bahari inapona, na wavuvi wanatandaza nyavu.

Kila tunapofundisha sura hiyo tunaona jambo lilelile. Wanafunzi wetu wa bara hupendezwa na mto na miti ya kandokando yake. Lakini mwaka mmoja mwanafunzi aliyetoka pwani ndiye aliyetusimamisha kwenye aya ya 11, ambapo nabii anasema kwamba matopeni na mabwawani maji hayataponywa, bali yataachiwa chumvi. Wafasiri wengine wameisoma aya hiyo kama hukumu. Mwanafunzi yule alisema kwamba kwao kila mtu anajua tope la chumvi ni mali: hapo ndipo watu huchemsha chumvi, na hapo ndipo samaki hukua. Tangu siku hiyo tumeisoma aya hiyo kama riziki pia, kwa maana hata hekalu lilihitaji chumvi kwa sadaka. Mungu wa Ezekieli hakuifuta chumvi ili apate maji baridi. Aliacha vyote viwili, kila kimoja mahali pake.

Tuangalie pia kwamba katika maono hayo anayefaidi samaki si yule anayekaa hekaluni. Maji hutoka juu, na wavuvi wako Engedi, chini, mbali. Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo, anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, hahesabu chakula peke yake; huhesabu shamba, mifugo, hali njema ya hewa, na pia majirani waaminifu. Kwa mantiki hiyo, mtu wa Chamwino aombapo mkate wake huomba pia kuwa na jirani mwema, na hawezi kuomba hivyo kwa unyofu bila kukubali kwamba naye ni jirani wa mtu. Jirani huyo yuko Saadani na Nyamisati, na huenda hawataonana maisha yao yote.

Hata hivyo hatuna budi kusema ukweli wote. Kumwambia mama anayechimba mchanga ayaachie maji yaende kwa ajili ya kamba ni ukatili. Sheria ya nchi yetu haisemi hivyo. Sera ya Maji ya mwaka 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zimeweka mahitaji ya msingi ya binadamu mbele ya yote. Baada yake huja mahitaji ya mazingira, na ndipo matumizi mengine hufuata. Mpangilio huo twauona kuwa wa haki. Kiu ya mtu wa Chamwino haishindani na mlango wa mto, kwa kuwa ndoo za kunywa ni kidogo sana mbele ya maji yote ya mvua. Mashindano ya kweli yako kati ya mlango wa mto na matumizi makubwa, ya umwagiliaji na ya umeme, na hayo hayana budi kupimwa mezani, wakazi wa chini wakiwapo na kusikilizwa.

Kwa upande wetu wa juu, jambo linalotutaka tulifanye halimnyimi mtu maji. Mkulima akilima kwa kukingama mteremko, akichimba makinga maji, akiacha visiki vya miti vichipue tena kwa njia iitwayo kisiki hai, mvua hupata muda wa kuingia ardhini. Kisima cha mchanga hudumu na maji muda mrefu zaidi, udongo hubaki shambani, na kinachoshuka hushuka polepole na kikiwa safi zaidi. Kwa tendo hilo moja, mama wa Chamwino na mvuvi wa Saadani hupata wote wawili. Sharika zetu zina mashamba na shule, nazo zaweza kuanza hapo bila kungoja mradi.

Hitimisho

Tulirudi kwa mzee wetu wakati wa kiangazi. Korongo lilikuwa kavu, na akina mama walikuwa wamechimba visima vya mchanga vyenye kina cha mtu mzima. Tulimweleza habari za Wami, za mikoko na kamba, na za wavuvi wanaongoja mvua ya kwetu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na watu wale wanajua kwamba maji yao yanatoka kwetu?" Tulimjibu kwamba tunadhani wengi hawajui, kama sisi tulivyokuwa hatujui habari zao. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi sikupoteza. Nilikuwa nimetuma bila barua. Lakini nimewatumia na shamba langu, na hilo nalitaka lirudi."

Hatuna neno la kuongeza juu ya maneno hayo. Maji yaendayo baharini hayapotei. Yanakwenda kwa watu. Kinachopotea ni udongo tunaouachia uende nayo, na huo ndio ulio mikononi mwetu kuuzuia kabla ya mvua ya Desemba.